Kandili Likizimika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mkusanyo mpya wa hadithi za giza kutoka Lamu

Tangu kitabu kitoke, watu hunisimamisha njiani, kutoka mtaa wa Langoni hadi mtaa wa Mkomani, wengine nikiwa nimeshika kikapu cha samaki, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Ambaye hajasoma aanzie juu. Sehemu ya miisho ya hadithi nimeiwekea onyo.

## Mambo ya mwanzo

Kitabu hiki ni cha nini hasa?

Ni mkusanyo wa hadithi fupi 11. Saba zinatokea mjini Lamu na kandokando yake, moja Pate, moja Manda, moja baharini na moja mashambani nyuma ya Malindi. Ndani yake kuna mjane aliye katika eda, fundi wa madau, mlinzi wa usiku katika bandari mpya ya Kililana iliyoanza kupokea meli mwaka 2021, msichana anayeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua, na wengine.

Kichwa cha kitabu nimekipata kwa bibi yangu. Alikuwa akitusimulia juu ya dari, karibu na jiko, kandili likiwa katikati yetu. "Paukwa!" Nasi tunaitika, "Pakawa!" Mafuta yakiisha kandili huzimika, lakini yeye hakunyamaza. Alisema tu, "Mwenye kuogopa ashike mkono wa mwenzake," akaendelea pale pale alipofika. Sehemu zile za gizani ndizo ninazozikumbuka neno kwa neno.

Ni hadithi za kweli?

Nimezibuni. Hakuna hata moja iliyotokea kama nilivyoiandika. Ila kinachotisha ndani yake sikukibuni.

Hapa kwetu mtu akisema "nyumba ile ina jini," mara nyingi pana jambo ambalo hawezi kulitaja kwa jina lake: mirathi iliyoliwa, mtoto aliyefukuzwa usiku, mke aliyenyamazishwa miaka 20. Jambo lisilosemeka hutafuta jina la kulibeba, na jini hubeba. Sisemi kwamba majini hawapo (tazama sehemu ya dini hapa chini). Nasema kwamba nikisikia habari ya jini, husikiliza pia ni nani katika nyumba ile aliyekuwa hawezi kusema. Kila hadithi katika kitabu hiki imeanzia hapo.

Mji wetu una sifa nzuri. Kwa nini uandike mambo ya kutisha?

Swali hili huulizwa na wazee kuliko vijana, na nalijibu kwa heshima. Lamu imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na tangu hapo milango yetu ya nakshi imepigwa picha isiyo na hesabu. Sina ugomvi na picha hizo. Lakini mji wenye nyumba za mawe za mamia ya miaka, ambamo watu wamezaliwa, wameozwa na wameoshwa maiti humo humo, una usiku wake pia.

Tena giza hili halikuletwa na mgeni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alitupitisha katika majumba ya fahari ya Pate yaliyokwisha kuwa tupu, popo wakining'inia juu, na vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani vikiwa vimelalwa na makinda ya ndege. Babu zetu waliyahifadhi mashairi yale kwa moyo. Hawakuona kwamba yanauvunjia mji heshima.

Kimeandikwa kwa Kiamu au kwa Kiswahili sanifu?

Masimulizi ni sanifu, mazungumzo ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Bibi katika hadithi hasemi "macho," husema "mato." Maji ni "mai," njia ni "ndia," jana ni "yana." Msomaji wa Dodoma au Kakamega atashika baada ya kurasa mbili tatu, maana maneno hayo yamewekwa mahali ambapo maana inajionyesha. Niliombwa niweke faharasa nikakataa. Mtu aliyejaa hofu hasimami kufungua kamusi.

Nakala yangu inasema "akafungua moto gizani." Ni uchawi gani huo?

Si uchawi, ni kosa, na ninaomba radhi kwa kila aliyelipia nakala ile. Katika chapa ya kwanza mtu aliyepanga kurasa kiwandani alidhani "mato" ni kosa la herufi, akaligeuza "moto" kila mahali. Kwa hiyo katika hadithi ya "Mwito wa Tatu" bibi anayezinduka usingizini "anafungua moto," na mtoto "anafumba moto" akilala. Niliposhika nakala ya kwanza mkononi, bado inanuka wino, ukurasa niliofungukia ndio huo. Nilikaa chini nikalia.

Chapa ya pili imesahihishwa. Mwenye ya kwanza aniletee nimbadilishie, au achukue kalamu asahihishe mwenyewe. Kosa linajirudia mara tisa, na mara zote ni neno hilo moja.

## Viumbe waliomo na wasiokuwemo

Jini, pepo, mzuka, mzimu, zimwi, chunusi: wana tofauti gani?

Siku hizi wote huitwa majini, na hapo ndipo hadithi zinapopoteza ladha. Jini ni kiumbe mwenye akili, ukoo na makazi. Yuko mwema na yuko mwovu. Ruhani ni jini wa hadhi, anayetaka usafi, udi na ubani. Pepo ni anayempanda mtu kichwani akasema kwa ulimi wake, naye hupungwa kwa ngoma. Mzuka hutokea ghafla: umeuona, kisha haupo. Mzimu una mahali pake, pangoni, kwenye mbuyu au gofuni, na mara nyingi hufungamana na waliokufa. Chunusi hukaa kwenye maji na huvuta miguu ya waogeleaji. Kinyamkera husafiri na kimbunga cha vumbi. Zimwi ni wa ngano: hula watu, na mwishowe hushindwa na mtoto mwenye akili.

Nimewatumia wanne tu: jini, mzuka, mzimu na chunusi. Zimwi nimemwacha kwa makusudi, kwa sababu zimwi hutoka nje, porini, na ukifunga mlango umepona. Hofu niliyoitafuta mimi ni ile iliyokwisha kuingia, ikatawadha, ikakaa nasi mkekani.

Mbona Popobawa hayumo?

Huyo ni shetani anayesemekana kuvamia watu usiku, naye ni wa Pemba na Unguja. Mwaka 1995 taharuki yake ilitanda visiwa vile, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakiota moto. Wako watu wazima leo walioyapitia mambo hayo wakiwa watoto, wakiona wazazi wao wakiogopa. Atakayeiandika hofu ile na awe mtu wa huko.

Na magofu ya Takwa na Gedi?

Takwa imo. Ni mji ulioachwa karne ya 17, kisiwani Manda, ng'ambo ya pili tu kutoka kwetu, na watu wa Shela wamekuwa wakienda kuomba mvua pale. Hadithi ya "Kisima Kitamu" inamfuata kijana aliyekwenda na wenzake kwenye dua akachelewa mashua ya kurudi. Njia ya kuingilia Takwa ni ya mikoko na hupitika maji yakijaa. Maji yakitoka, umebaki. Hadithi nzima ni saa sita za kungojea maji yarudi.

Gedi, kusini ya Malindi, haimo, ingawa naipenda. Msitu umeyafunika magofu yake, na lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Lakini kila mwongozaji wa watalii ana mzuka wake wa Gedi na kila mtoto wa shule amesimuliwa, na sikupata mlango ambao haujafunguliwa na mwingine.

Hadithi ya "Kigango": mbona umeandika mambo ya Wagiriama nawe si Mgiriama?

Swali la haki. Kigango ni mti wa kuchongwa unaosimamishwa kwa ajili ya marehemu wa heshima wa jamii za Mijikenda, Wagiriama wakiwamo, na kwa familia ile si sanamu, ni mtu wao. Kwa miaka mingi vigango vimekuwa vikiibwa mashambani na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilivyokuwa katika makumbusho ya vyuo vikuu vya Marekani vilirudishwa kwa familia yake, zaidi ya miaka 20 baada ya kuibwa.

Sikudiriki kuandika kutoka ndani ya ukoo, maana hapo sina idhini wala ujuzi. Nimeandika kutoka upande wa mnunuzi: mti unasimama sebuleni kwake, nchi ya baridi, na hapana lolote linalotokea. Hakuna kilio, hakuna kivuli. Ila mwenye nyumba anaanza kuwasahau wafu wake mwenyewe, kwanza sura ya baba, kisha jina la mama. Nilimpa rafiki yangu Mgiriama aisome kabla ya kuchapwa, akanifutia aya mbili. Hazimo.

## Dini

Kusoma hadithi za majini si shirki?

Wazazi huliuliza hili kuliko maswali mengine yote. Kuwapo kwa majini si ushirikina: Sura ya 72 ya Qurani ina jina lao. Shirki ni kuwaomba wao kinachoombwa kwa Mwenyezi Mungu, au kuwaogopa kama anavyoogopwa Yeye. Katika kitabu hiki wapo wahusika wanaofanya hivyo, na nimewafuata mpaka mwisho wa njia yao bila kuwapamba.

Muswada niliupeleka kwa maalim aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka 6. Sikwenda kutafuta fatwa. Nilitaka macho ya mcha Mungu. Alikaa nao usiku mbili, akanirudishia na ombi moja, nalo ndilo jibu la swali linalofuata.

Mganga anapoandika kombe, mbona aya hazikutajwa?

Kwa sababu maalim aliniomba, na alikuwa na haki. Anayesoma anaona kila kitu kingine: kalamu ya mwanzi inachovywa kwenye zafarani, mwandiko wa manjano unazunguka sahani nyeupe kutoka ukingoni kuingia kati, kisha sahani inaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa anakunywa akiwa amefumba macho. Kilichoandikwa hakitajwi. Watu huchukua mambo kutoka vitabuni wakayajaribu nyumbani kwa mgonjwa anayehitaji hospitali, na sitaki kitabu changu kiwe sababu.

Kwa kanuni hiyo hiyo, hakuna fukizo, hesabu wala maneno ya uganga utakayoyapata humu yakafanya kazi. Nimeulizwa hata na watu wazima.

## Kusoma

Inafaa kwa watoto?

Si yote. "Mwito wa Tatu" na "Kisima Kitamu" mtoto wa miaka 10 anaweza kusomewa na mtu mzima aliye karibu naye. "Mwito wa Tatu" imejengwa juu ya miiko ambayo watoto wa pwani wanaijua tayari: usipige mluzi usiku, nyoka mwite kamba, dukani usiulize sindano baada ya Magharibi, na ukiitwa gizani usiitike mara ya kwanza. "Birika" (yaani tangi la mawe la kuwekea maji ndani ya nyumba, si birika la chai), "Kigango" na hadithi ya Kililana ni za watu wazima. Si kwa sababu ya damu, maana hakuna damu. Ni kwa sababu ya yale ambayo ndugu wanatendeana.

Ni lazima nisome kwa mpangilio?

La. Ila "Birika" isome baada ya kusoma nyingine tatu nne.

Ipi inatisha kuliko zote?

Wavuvi husema "Jicho la Dau." Vijana husema ile ya Kililana. Wanawake, karibu wote, husema "Birika."

Nitaeleza nililoliona. Usiku mmoja wa kaskazi umeme ulikatika mtaa mzima. Tulikuwa barazani, watu kama kumi na mbili, na mtu akaniomba nisome. Nikasoma "Birika" kwa tochi ya simu. Katikati ya ukurasa wa nne mama mmoja mtu mzima akainuka bila kusema neno, akaingia kwake. Tukasikia ubao unaburutwa juu ya mawe. Akarudi, akajifunga leso vizuri, akakaa mahali pake. "Endelea, mwanangu," akasema. "Nilikwenda kufunika birika." Hakuna aliyecheka.

## Miisho (onyo: ambaye hajasoma "Birika" na "Jicho la Dau" apite)

Katika "Birika," ni nani aliyekuwa akimwaga maji?

Kwa faida ya waliosahau: mjane yumo ndani, anakaa eda yake ya miezi 4 na siku 10. Mchana mashemeji wanapita vyumbani na kamba wakipima nyumba, wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba thumni yake, fungu lake la mirathi, ni bora alipwe pesa atoke. Usiku anasikia maji yakimwagwa nyumba kati, chumba kile cha nyuma ambamo mumewe alioshwa. Kila alfajiri, samaki wadogo wanaowekwa kwenye birika wale viluwiluwi vya mbu huwakuta wamejibanza pembe moja, kama wanavyofanya mkono ukiingia majini. Siku ya mwisho kata ya kifuu imelowa, nayo iko upande wa pili wa mlango aliouweka komeo mwenyewe.

Wasomaji wamegawanyika. Wako wanaosema ni marehemu, wako wanaosema ni jini wa nyumba, na wako wanaosema ni mashemeji wakimtisha ahame. Katika rasimu ya kwanza walikuwa mashemeji waziwazi, na hadithi ilikufa pale pale. Ikawa ni kesi ya kwenda kwa kadhi. Nikaiandika upya. Sasa sauti zote, hatua, maji, kata, zinaweza kuwa za mashemeji. Samaki hawawezi. Mtu anaweza kumwaga maji ya ndoo gizani ili kumtisha mjane, lakini samaki hujibanza kwa kitu kilichoingia birikani mwao, na saa ile mlango ulikuwa umefungwa.

Jibu langu ni kwamba walikuwamo wote wawili. Mashemeji walikuwa wakimtisha, na kulikuwa na kingine kilichokuja kwa sababu anatishwa. Kilikuja kumdhuru au kumlinda? Tazama mjane anafanya nini na ile kata katika sentensi ya mwisho. Hakuitupa.

Katika "Jicho la Dau," kwa nini fundi hakulimaliza jicho la pili?

Vyombo vyetu huwekewa macho mawili omoni, yaani mbele ya chombo, kila ubavu moja, ili viione njia. Fundi wa Matondoni alijua aliyeagiza chombo kile alikusudia kumpakia nani na kumshusha wapi. Kukataa kazi hakuweza, maana alikuwa na deni. Kwa hiyo akakiacha chombo kione upande mmoja.

## Mengineyo

Nyumba ya kwenye "Birika" ni ya nani?

Si ya mtu. Nimechukua daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja, vidaka vya nyingine, birika la nyumba niliyokulia, na boriti za mikoko zilizopinda kwa uzee ambazo kila mmoja wetu amezitazama akiwa mgonjwa kitandani. Nimeambiwa kwamba kuna watu wanaonyoshea kidole nyumba fulani ya Mkomani. Nawaomba sana waache. Mle mna wenyewe, na wana msiba wao ambao haukunihusu mimi wala kitabu changu.

Naweza kusoma hadithi redioni, au kuigiza shuleni?

Unaweza, bila malipo, mradi usiongeze mafunzo mwishoni. Shule moja iliigiza "Mwito wa Tatu" ikamleta mwalimu jukwaani kueleza kwamba yote yalikuwa ndoto. Watoto wamefanya kazi nzuri mno, wale wasichana wa sauti hasa. Hawakustahili mwisho ule.

Nina hadithi ya kwetu. Utaiandika?

Nitaisikiliza, na kwa furaha. Kitabu cha pili kitatokana na nitakazosikia. Ila yako mambo mawili.

Kwanza, kama inamhusu mtu aliye hai, nitahitaji ridhaa yake, si yako peke yako.

Pili, sipokei hadithi ambayo mchawi wake ni bibi fulani wa jirani mwenye macho mekundu. Hili silifanyii suluhu. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya singizio lile kuna shamba linalogombaniwa. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka 50. Nilisema mwanzoni, katika jibu kuhusu ukweli wa hadithi, kwamba jini hubeba jina la jambo lisilosemeka. Jini anaweza kulibeba kwa sababu panga halimpati. Ukimbebesha jina hilo mwanamke wa miaka 80 anayelala peke yake, panga linampata. Hadithi ya namna hiyo haitapitia kalamuni mwangu, hata ikiwa tamu vipi.

Zaidi ya hayo, mlango uko wazi. Baada ya Isha huwa nipo barazani, na kahawa ipo. Mchana sipokei: bibi hakusimulia mchana hata siku moja, nami nimeushika mwiko wake.